Amri Iliyoandikwa Sikioni

Asajile Mwaikenda alitembea kama watu wote walioteremka kutoka Pete. Alinyanyua mguu juu mno, kisha akaushusha taratibu, kana kwamba haamini kuwa ardhi itampokea. Edina Luvanda alimwona tangu alipokata kona ya mashamba ya pareto, amemshika mtoto Tusekile mkono, na akaziacha zana zake kabla hajajua wanafuata nini. Mwezi mzima ulikuwa umepita tangu amkabidhi mtoto huyo, aliyemlea tangu uchangani, kwa baba yake, Asajile. Katika mwezi huo hakuwaona, maana Ofisi ya Ustawi ilikuwa imeshauri hivyo: mtoto aachwe aizoee nyumba mpya.

Alitoka mlangoni mwa karakana yake akaita, "Tuse." Aliita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Mtoto alikuwa bado mbali, na upepo wa Kipengere ulikuwa ukipiga kelele kwenye vioo vya mapaa. Hata hivyo aligeuka papo hapo, akaponyoka mkononi mwa baba yake, akaja mbio huku kofia yake ya sufu imemfunika jicho moja. Akamkumbatia Edina kiunoni.

Kule njiani Asajile alibaki amesimama. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa mbele, umeshika hewa.

"Shikamoo, mama," alisema alipofika.

"Marahaba, baba Tuse. Karibu ndani. Baridi hii si ya kuamkiana nje."

Akaketi katikati ya vipasha joto vilivyosubiri matengenezo, akaeleza shida yake bila kuipamba. Miaka sita alikuwa Pete, kituo cha angani kinachoizunguka dunia, akiziba nyufa za kuta zake. Mkataba haukumruhusu kushuka, hata mke wake alipofariki kwa homa ya bondeni, hata aliposikia kwamba homa ile ile ilimwacha mtoto mchanga kiziwi, akatiwa kifaa cha kusikilizia. Alichokuwa nacho cha binti yake ni picha na sauti alizokuwa akipelekewa na Edina. Alizisikiliza mpaka akajua hata jinsi mtoto anavyovuta pumzi kabla ya kucheka. Sasa ameshuka, amepewa nyumba na mtoto, na mtoto hageuki akiitwa.

Si kwamba ana adabu mbaya, alisema. Ukimgusa bega anatii, anakula, anaoga, anakunja nguo zake. Lakini ukimwita ni kama unauita ukuta. Amemwimbia, amemsimulia hadithi, amepiga makofi kama mwendawazimu. Birika likichemka jikoni, anageuka kulitazama.

"Mama, nimefika mahali pa kulionea wivu birika," alisema, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Edina alimuuliza kama alikwenda ofisini. Alikwenda, mara mbili. Wakaifungua nyumba yake, wakasoma amri zake, wakamwonyesha kwa kidole: sauti ya kwanza ya nyumba ni Asajile Mwaikenda. Hakuna kosa lolote. Wakamshauri ampe mtoto muda.

Aliposema maneno hayo, Edina alijua kosa lilipo.

Kila kitu katika mji wa Kipengere kilikuwa na mzazi. Taa ilikuwa mtoto wa chumba, chumba mtoto wa nyumba, nyumba mtoto wa mtaa, na mtaa mtoto wa Mji. Ndivyo watu walivyoupanga walipopanda milimani kulikimbia joto la bondeni, wakawa wengi kuliko mafundi. Nani angeiendea kila taa kuiambia iwake vipi? Basi taa isiyo na amri yake yenyewe ilimuuliza mzazi, mzazi akikosa naye akamuuliza wake, hivyo hivyo hadi juu kabisa, kwenye Mji, ambao ulikuwa na jibu la kila kitu, ingawa lilikuwa jibu la baridi lisilomjua mtu. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Amri ya karibu huishinda amri ya mbali. Chumba kikisema giza na nyumba ikisema mwanga, taa hukifuata chumba. Tena amri huteremka tu, haipandi. Alichoandikiwa mtoto, mzazi hakioni, hata akitafutwa vipi.

Kifaa kilichokuwa sikioni mwa Tusekile kilikuwa mtoto wa nyumba kama taa yoyote. Nyumba ndiyo iliyokiambia sauti ipi ni ya kwanza. Sauti hiyo ilichambuliwa kutoka katika upepo na vyombo, ikaletwa safi na ya karibu, kama inasemwa shavuni. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, kwa sababu mbili zingeuchanganya ubongo mchanga. Wakazi wengine wa nyumba walifuata nyuma yake. Watu baki waliachwa huko nje pamoja na mvua na mabirika.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo kila fundi alifundishwa kabla ya zote, na Edina aliipata katika darasa la jioni alipokwenda kujifunza kazi hii akiwa mtu mzima tayari: mwilini haandikwi. Andika katika nyumba, andika katika chumba, lakini kifaa kilichomo ndani ya mwili wa mtu kiachie kirithi. Nyumba mtu anaweza kuihama.

Naye Edina alikuwa ameandika mwilini. Alifanya hivyo kwa ruhusa. Tusekile alipougua nimonia akalazwa, alihesabika kuwa wa wodi, na sauti ya kwanza ikawa ya muuguzi wa zamu. Mtoto alilia usiku kucha akimtazama Edina anafungua mdomo bila maana. Daktari akamwambia, si wewe ni fundi, mwandikie sauti yako sikioni, mkitoka utaifuta. Walitoka, mtoto mzima, jua linawaka, na Edina akasahau. Hakukuwa na cha kumkumbusha. Nyumbani kwake sikio lilisema Edina na nyumba ilisema Edina, na amri mbili zinaposema neno moja hazigombani. Mpaka mtoto alipohama. Na amri ile ilitaja jina moja tu, haikumtaja mtu wa pili. Ndiyo maana kwa mtoto huyu baba yake mwenyewe alikuwa mtu baki.

Edina alifungua mdomo ili aseme. Asajile akamtangulia.

"Mtoto amenikataa, mama. Simlaumu, mimi nani kwake? Chombo kinapanda Ijumaa. Kule juu nafasi yangu bado ipo. Nimekuja kukuuliza kama utampokea, lakini safari hii si kwa kulea. Awe wako kabisa. Nitatia sahihi mwenyewe."

Vipasha joto vilikuwa vikipoa, vikitoa mlio mdogo wa chuma kinachojikunja. Edina alimtazama Tusekile, ambaye alikuwa amekaa sakafuni akipanga parafujo kwa ukubwa, kama alivyokuwa akifanya zamani, na hakuinua kichwa hata kidogo baba yake alipokuwa akizungumza habari zake.

"Mwache alale kwangu leo," alisema. "Kesho asubuhi nitakuletea jibu."

Hilo ndilo lililotoka.

*

Nyumba ya Edina iliwasalimu kwa sauti ya Mji, ikasema watu wawili, na joto likapanda. Kwa mwezi mzima ilikuwa ikisema mtu mmoja, ikapasha chumba kimoja na kuwasha taa moja, maana Mji haukuona sababu ya kumpasha joto mtu ambaye hayupo. Edina alikuwa ameshajifunza kula haraka kabla meza haijawa baridi. Jioni hiyo walikula viazi na kabichi polepole, na mtoto aliongea na chakula mdomoni bila kukatazwa.

Baadaye alimweka katikati ya magoti yake amsuke nywele. Alipofika upande wa sikio, alichukua kibao chake cha kazi, akakisogeza karibu, akauliza kama fundi anavyouliza: sauti ya kwanza ni ya nani? Kibao kikaandika: Edina Luvanda. Akauliza: umeipata wapi? Kama ingekuwa imerithiwa, kibao kingetaja nyumba. Kikaandika neno moja.

Hapa.

Alikizima, akaendelea kusuka.

Mwezi wote huu alikuwa akisali sala moja. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni mbele ya sahani yake moja, alimwambia Mungu: kama ni mapenzi yako, nirudishie. Hakuomba Asajile apatwe na baya. Alijihadhari sana na hilo. Aliomba tu arudishiwe, na leo jibu limekuja kwa miguu, limekaa kwenye kiti chake, limesema litatia sahihi. Je, mtu akipewa alichoomba, aanze kuuliza kimepitia mlango gani? Hakumwibia mtu. Hakuandika amri ile kwa hila. Hakutakiwa hata kusema uongo, bali kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea.

"Kwa baba kulikuwaje?" aliuliza, akilivuta fungu la nywele.

Tusekile alifikiri. "Kuna dirisha kubwa."

"Na baba mwenyewe?"

"Anafungua mdomo kama samaki. Halafu anakasirika, halafu anapika." Akageuza kichwa. "Mama, kule nilikuwa peke yangu."

"Si ulikuwa na baba?"

"Yeye alikuwepo," alisema mtoto, kwa uvumilivu, kama anayemweleza mtu asiyeelewa upesi. "Mimi ndiye nilikuwa peke yangu."

Edina aliacha kusuka. Mtoto alidhani amemaliza, akajipapasa kichwa, akaukuta upande mmoja bado, akamwambia endelea.

Alipokwisha kumlaza alipiga magoti kando ya kitanda chake mwenyewe. Sala aliyoijua tangu utotoni hakuianza. Alikuwa amedhani kwamba mwezi ule mtoto alikuwa akimpenda yeye kutoka mbali. Sasa aliona kilichokuwa kikitendeka hasa. Ndani ya nyumba yenye dirisha kubwa, kifaa kilikuwa kikimtafuta Edina, kutwa, katika kila kelele, na kwa kuwa Edina hayupo hakikuleta mtu yeyote. Kilikuwa kimemwekea mtoto kimya kile kile ambacho yeye Edina alikuwa akila nacho.

Akaendelea kuwaza, ingawa hakutaka. Yeye ana umri wa kuwa nyanya. Siku atakapokufa, nyumba yake itafutwa, na wote waliorithi kwake watapewa mzazi mwingine. Lakini neno lililoandikwa sikioni halitajua habari za kaburi. Litaendelea kumtafuta. Tusekile atakuwa mwanamke mzima, yuko kwake, mume anamwita, watoto wanamwita, na ndani ya kichwa chake kifaa kimewasukuma wote nje kwenye mvua, kikimngojea marehemu.

"Bwana," alisema hatimaye, "mbona hukuninyima tu."

Nyumba ilikuwa na joto la watu wawili, na alilala humo kama mwizi aliyelala katika kitanda cha mwenye nyumba.

*

Asubuhi walimkuta Asajile barazani anakunja nguo zake za kazi, zile nene za rangi ya kijivu wanazovaa watu wa Pete. Tusekile alimwamkia kwa kuinamisha kichwa, kama mtoto anavyomwamkia mgeni wa heshima, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi na kuanza kupukuchua maua ya pareto aliyoyachuma njiani.

Edina hakutaka kukaa. Alimweleza akiwa amesimama: hospitali, ruhusa ya daktari, amri aliyoisahau, na kwa nini watu wa ofisini walisoma nyumba mara mbili wasiione. Alieleza mpaka mwisho, na Asajile hakumkatiza. Alikuwa ameshika suruali iliyokunjwa nusu.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jana. Ulipoketi karakanani ukasema habari ya ofisini."

"Kabla sijakuomba umchukue."

"Kabla."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza, baba."

Asajile aliiweka suruali chini. Uso wake ulikuwa mgumu kama wa mtu anayehesabu upya siku zake zote, moja moja: makofi, nyimbo, birika. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba kule Pete mtu akiuona ufa akanyamaza, hata kwa usiku mmoja, wenzake hawali naye tena. Edina alisema ni haki yao. Hakujitetea: kila alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa kweli, na hakikumsaidia.

"Sasa mbona umekuja?" Asajile aliuliza. "Kesho kutwa ningekuwa nimepanda. Nisingejua maisha yangu yote."

"Wewe usingejua," alisema Edina. "Lakini yeye angebaki peke yake, na aliyemfungia humo ni mimi."

Wakamtazama mtoto. Alikuwa anapuliza maua yaliyopukuchuliwa, yakimrudia usoni kwa upepo, akicheka peke yake.

Asajile aliuliza kama haiwezekani wote wawili wakawa wa kwanza. Edina alimwambia haiwezekani. Aliuliza kama anaweza kumwandika Edina kuwa mkazi wa nyumba yake, walau awe wa pili. Edina alimshukuru, kwa kuwa hakutegemea wema mahali hapo. Mtu ana nyumba moja tu, akamwambia, kama kitu kilivyo na mzazi mmoja. Naye Edina yumo katika yake mwenyewe.

Alikwenda kwenye ngazi, akachutama nyuma ya Tusekile, akakisogeza kibao. Amri ilikuwa fupi, jina lake na hakuna kingine. Kibao kiliuliza kama ana hakika. Edina aliinamia kichwa cha mtoto, kwenye mstari mweupe kati ya misuko aliyoisuka jana, akanong'ona, "Mungu akuweke, mwanangu." Yalikuwa maneno ya mwisho aliyomwambia shavuni. Kisha akafuta.

Tusekile alikunja uso. Alikitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa maji sikioni. Kifaa kilikuwa kimekosa amri yake, na sasa kilikuwa kinapanda kumuuliza mzazi, nacho kilimkuta, na nyumba ikajibu.

Asajile alikuwa amesimama pale pale.

"Sema naye," alisema Edina.

"Nimwambie nini?"

"Chochote."

Mwanamume aliyekuwa ameimba nyimbo zote anazozijua alishindwa kupata neno. Mwishowe akasema, "Tuse, kofia yako umeiacha wapi?"

Mtoto aligeuka kabla hajamaliza. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia miguuni hadi usoni, kama anavyotazamwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameingia.

"Kumbe na wewe unaongea," alisema.

Asajile aliketi chini pale barazani, juu ya nguo zake za Pete, akaweka mikono usoni. Tusekile akasogea kumchungulia katikati ya vidole, akamuuliza kama anaumwa, na yeye akasema hapana, na mtoto akasema basi aseme tena, na yeye akasema tena. Habari ya kofia, habari ya uji, majina ya ndege waliotua kwenye ua. Kila aliposema, mtoto alicheka akagusa sikio lake.

Edina alikitia kibao mfukoni. Alijifunga shuka lake, akashuka uani, akafika langoni. Hakutaka kuaga kwa maneno mengi. Aligeuka akaita, "Tuse," kwa sauti ile ile aliyoizoea, ya mtu anayeomba chumvi.

Mtoto hakugeuka. Alikuwa amempa mgongo, anamwonyesha baba yake pengo la jino.

Asajile alisikia. Aliinua mkono amguse mtoto bega, amwambie atazame langoni. Edina akamkatalia kwa kichwa. Akarudi. Alipita pembeni ya baraza, kwenye tope la bustani ya mboga, viatu vikizama, akazunguka mpaka akawa mbele ya mtoto, mahali ambapo macho yangemwona. Hapo akachutama, akasema kwamba anakwenda kazini, atakuja Jumapili baada ya ibada.

Tusekile alimtazama midomo, amekunja uso.

"Mama," alisema, "mbona unanong'ona?"

Edina alisogea karibu zaidi, mpaka magoti yao yakagusana, akashusha shuka lililofika kidevuni, akaanza tena, neno kwa neno, polepole, akimwacha mtoto ausome mdomo wake.